Jenipher Hapungi Bawa

Tangu Jenipher aanze kurusha ndege, watu wa mtaa wetu hapa Goba wana lalamiko moja: akipita hatusalimii. Ndege aliyoanza nayo ni ndogo, ya pangaboi, ina mstari wa kijani ubavuni, na ikitokea upande wa Madale hata watoto wa chekechea wanaijua. Wanatoka nje, wanapunga mikono, wanaita jina lake. Yeye anapita moja kwa moja kama hajawahi kuishi hapa.

Mlalamikaji mkubwa nilikuwa mimi. Naitwa Recho, fundi cherehani, na Jenipher ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea humu humu nyumbani kwa baba yake tangu hajaweza kujifunga kamba za viatu, kwa hiyo nilijiona nina haki ya kupungiwa bawa. Nilimwambia marubani wa wenzetu wakifika juu ya kwao wanainamisha ndege kidogo, upande huu na upande ule, na ndugu zao chini wanapiga vigelegele. Nilimwambia nimeyaona mwenyewe kwenye simu.

"Mamdogo," akanijibu, "nikiinama kukusalimia wewe, nani anaangalia mbele?"

Nikamwita mchoyo. Akacheka, akaendelea na ugali wake.

Nataka nieleze vizuri habari za Jenipher, maana yamesemwa mengi juu yake kuanzia kanisani mpaka sokoni, na mengi ni uongo mtupu. Waliosema hawajanunua gazeti wala kuuliza mtu. Walisikia kwa fulani, naye fulani alikuwa na sababu zake.

Baba yake, shemeji yangu Mwalimu Leodegar, ni Mmatengo wa Mbinga. Amefundisha shule za msingi za Kinondoni hadi akastaafu, na alihamia Goba wakati huku kilima kizima kilikuwa mikorosho na njia za miguu. Ni mtu wa amani kupita kiasi. Ndoa za watu zikiyumba, mipaka ya viwanja ikigombaniwa, mbuzi wa huyu akila mboga za yule, anaitwa Mwalimu. Anakaa, anasikiliza pande zote, na mwisho anasema neno lake lile lile: yaishe. Na yanaisha kweli, kwa sababu watu wanamheshimu.

Binti yake hakuchukua hata chembe ya hiyo tabia. Akiwa darasa la nne alisingiziwa kuvunja kioo cha ofisi ya walimu. Hawakutaka hata kumchapa. Walimwambia aombe radhi tu, arudi darasani. Akasema hajavunja, na radhi haombi. Akasimamishwa juani mbele ya mlingoti wa bendera, akasimama hapo mpaka shule ikafungwa, na aliyevunja kioo akaona aibu akajitaja mwenyewe. Baba yake alikuwa anafundisha shule hiyo hiyo. Ni yeye aliyetoka ofisini kumbembeleza mtoto aombe radhi yaishe. Jenipher hakumjibu. Usiku ule nilimpaka mafuta usoni, ngozi ilikuwa imebabuka, na nilimkasirikia shemeji yangu wiki nzima.

Urubani nao aliupata kwa ukaidi huo huo. Ufadhili alipata wa nusu, nusu nyingine Mwalimu akauza kiwanja chake cha Madale, na watu wakatucheka. Waliuliza nani anauza ardhi Dar es Salaam hii kumsomesha msichana kuendesha ndege, kwani magari yameisha? Waliocheka sana ndio waliokuja baadaye kuomba lifti ya kwenda Zanzibar.

Kazi akapata kwa Talha. Huyu ana nyumba ya wageni kule Saadani, na ana ndege yake binafsi ya injini moja ya kubebea wageni wake. Si mtu mbaya. Ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hapendi kelele. Jenipher alirusha ndege hiyo kwa miaka kadhaa bila hata kukwaruza tairi.

Sasa ndiyo tufike Jumamosi ile.

Alikuwa anarudi kutoka Saadani na wageni wawili, mtu na mkewe. Alipokaribia jiji, mnara wa kuongozea ndege ukampa njia ya kupita na kimo cha kushikilia, naye akarudia maelekezo yale kwenye redio neno kwa neno. Ndivyo wanavyofanya kazi. Unaambiwa, unarudia, na kila rubani aliye karibu anakusikia na kujua uko wapi. Aliwahi kunieleza kwamba huko juu hakuna tuta wala trafiki wa kukupigia filimbi, usalama wenu wote ni kusikilizana. Asiyesikiliza ni sawa na mtu anayetembea barabara kuu amefumba macho.

Jioni hiyo hiyo, kwenye bustani moja ya sherehe huko Madale, ilikuwa sendofu ya Loveness, binti wa Mzee Kamugisha. Huyu mzee anajulikana. Ana biashara nyingi, kanisa la kigango chetu ameliezeka yeye, na ana ndege yake ndogo anayoirusha mwenyewe. Siku ya kumuaga binti yake aliona kuingia ukumbini kwa miguu kama baba wengine haitoshi. Akapanga aje kwa anga, apite chini chini juu ya wageni, na dada yake Demetria, shangazi wa bibi harusi, akae kando yake na kapu la maua ya waridi yaliyochambuliwa, amwagie mtoto baraka kutoka juu. Kwamba shangazi ndiye mwenye kumwaga baraka, hilo sina ugomvi nalo, ni haki yake. Ugomvi wangu ni hayo mengine.

Kwanza, mnarani aliaga kwamba anafuata pwani kwenda Bagamoyo. Alipofika mbele akakata kuingia bara na hakumwambia mtu. Pili, vile vya masikioni ambavyo rubani anasikilizia mnara, yeye aliviunganisha na simu yake ili aongee na mshereheshaji. Mshereheshaji akaiweka simu kwenye maspika ya ukumbi. Wageni wote wakamsikia baba mzazi akisalimia kutoka mawinguni, akitania wakwe, akiuliza kama nyama imeiva. Mnarani walimwita, wakamwita tena. Atasikia saa ngapi, na yuko sherehe?

Alipita mara ya kwanza, Demetria akamwaga maua. Upepo ukayachukua yote, yakaangukia banda la nguruwe la jirani. Wageni wakacheka. Mshereheshaji akamwomba baba arudie, picha hazijatoka vizuri. Mzee Kamugisha akainua pua ya ndege, akapanda juu huku anageuza ili arudi tena. Na huko juu alikokuwa anapanda ndiko alikokuwa anapita Jenipher, kwenye njia yake, kwenye kimo chake alichopewa.

Jenipher anasema kwanza aliona tumbo la ndege, jeupe, likimjia kutoka chini kushoto. Hakukuwa na muda wa kuongea na mtu. Akasukuma usukani mbele na kuilaza ndege kulia, chupa za maji za wageni zikapanda hadi darini, mama wa watu akapiga yowe. Kivuli kikapita ndani ya ndege yao. Kabla hakijaisha alimwona mtu dirishani upande wa pili, karibu kiasi cha kumsoma uso: mwanamke mtu mzima, kilemba cha dhahabu, kapu mapajani, mdomo wazi. Wakaangaliana. Kisha ikawa anga tupu tena na redio inaita.

Akaitikia redio, akasema kilichotokea, akatua salama. Alipozima injini mikono ilikataa kuachia usukani, yule mgeni wa kiume ndiye aliyembandua vidole kimoja kimoja.

Video ya sendofu ilifika kwenye simu yangu kabla yeye hajafika nyumbani. Mteja wangu mmoja alinitumia nione magauni. Nikaona ndege mbili, moja inapanda na nyingine inaporomoka, zimeachana kidogo sana, na mstari wa kijani ubavuni mwa ile inayoporomoka. Na chini watu wanapiga vigelegele. Wanashangilia, wanarusha leso, walidhani ni sehemu ya sherehe. Mshereheshaji anasema kwa furaha kwamba baba amekuja na msindikizaji. Niliitazama mara moja tu, nikakaa chini kwenye mabaki ya vitambaa.

Jenipher aliporudi alieleza kwa maneno machache. Alisema mnarani wanasubiri taarifa yake, sheria inamtaka rubani aliyenusurika kugongana aeleze, na bila maneno yake jambo litapoa hivi hivi. Alisema Talha amempigia. Hakumkataza, alimwambia atulie kwanza, Kamugisha ni mtu wake wa karibu, ndege zao zinalala banda moja, na ndege ikiingia kwenye uchunguzi wageni wanakimbia. Mwisho alimwambia kwa upole kwamba rubani akianza kesi na watu wakubwa, mwenye ndege analazimika kutafuta rubani mwingine. Jenipher alinieleza hayo huku anamenya chungwa, akalimenya lote na hakulila.

Kesho yake Jumapili, kanisani, nikayakuta yamenitangulia. Kina mama walikuwa wanapeana habari kwamba kuna binti rubani alipotea njia, akaingia kwenye sherehe ya watu, nusura amuue baba wa bibi harusi, na mzee kwa ustadi wake akamkwepa. Mmoja akaniuliza kama sio yule wa kwetu. Nikamwambia ndiye, na aliyekwepa ni Jenipher. Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya kukuona unamtetea mtoto. Nilitoka kabla ya matangazo.

Mchana wakaja. Kwa mbele Gervas, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mtu mwema ambaye kila mtu anamtumia kusemea. Nyuma yake Mzee Kamugisha kwa suti. Nyuma kabisa mwanamke mmoja mrefu, kimya, amejifunga kitenge kizito. Dereva akashusha kreti ya soda, akaiweka katikati ya sebule na kurudi garini.

Inabidi nieleze kuhusu hiyo kreti. Kwetu, mtu akija kuomba jambo liishe, haji mikono mitupu. Analeta kitu, na mwenye nyumba akikubali anakifungua, wote wanakunywa. Mkishakunywa, imekwisha. Ukilitaja tena jambo hilo wewe ndiye mbaya. Shemeji yangu amekunywa soda za namna hiyo maisha yake yote, amezifungua kwenye nyumba za watu kuanzia Mbezi mpaka Temeke. Nilivyoona kreti ile imekaa pale kwenye zulia nilijua walichokuja kufanya, na nilijua Mwalimu ataelekea wapi.

Gervas alisalimia kirefu, akapitia mvua, akapitia afya za watoto, ndipo akafika. Alisema kuna kupishana kidogo kumetokea angani. Mzee amekuja mwenyewe, kwa unyenyekevu, katika wiki ya harusi ya mwanawe. Jambo likifika kwa wakubwa wa mamlaka ya anga, leseni ya mzee itashikwa na jina lake litaburuzwa, na binti naye hatabaki salama, atahojiwa, atasimamishwa. Sisi ni watu wa jumuiya moja. Tuyamalize hapa hapa.

Kupishana kidogo. Nilimwangalia Gervas na koti lake la Jumapili, nikatamani kumwuliza kama yeye amewahi kupishana na mtu hivyo.

Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa taratibu, ile ya kukubali. Akanigeukia. "Shemeji, hebu tuletee opena."

Nikaenda jikoni. Opena ilikuwa pale pale kwenye msumari wake pembeni ya friji. Nikaitoa, nikaifunga kwenye pindo la kanga kiunoni, nikarudi sebuleni kusema haionekani. Mwalimu akasema iko kwenye msumari. Nikaenda tena, nikasimama jikoni kiasi cha mtu anayetafuta, nikarudi na jagi la maji na glasi. Nikamimina maji ya kwetu, nikamkaribisha kila mtu kwa jina. Wageni wakanywa maji. Mzee Kamugisha alishika glasi yake tu.

Ndipo Jenipher akaingia kutoka uani. Alimwamkia Gervas, akamwamkia Mzee Kamugisha, akafika kwa yule mwanamke na kusimama.

"Shikamoo, shangazi," akasema. "Tumeshaonana."

"Marahaba, mwanangu," mwanamke akamjibu bila kuinua kichwa. "Tumeonana."

Ndivyo nilivyojua kwamba huyo ndiye Demetria.

Mzee Kamugisha akachukua nafasi. Alizungumza vizuri, ni mtu wa kuzungumza. Alisema amerusha ndege tangu Jenipher anavaa nepi. Kuongea na simu kwake si kitu, sikio moja lilikuwa kwa mshereheshaji na jingine mnarani. Alimwona Jenipher mapema, akampisha. Vijana huteleza, hata yeye aliteleza zamani. Hana kinyongo naye na wala hatamshitaki kwa mtu.

Mtu amekuja kuomba msamaha, amekaa kwenye kiti changu, anagawa msamaha yeye.

Jenipher alimsikiliza mpaka mwisho. Alikaa kwenye stuli ya mlangoni, mikono magotini.

"Nimekusamehe, mzee," akasema. "Toka jana ile ile nimekusamehe. Na kesho asubuhi naenda kutoa taarifa."

Gervas akakohoa. Mzee Kamugisha akaweka glasi chini. "Sasa huo ni msamaha gani, binti?"

"Msamaha ni wangu, nimekupa. Anga si langu. Kuna watu watapita pale kesho."

Ndani ya suti ile Mzee Kamugisha akabadilika kuwa mtu mwingine. Alisema sawa, kama ni maelezo hata yeye anayo. Atasema binti ndiye aliyeshuka kwenye njia yake, na tuone ataaminiwa nani, mtu mzima aliyeshuhudiwa na ukumbi mzima au mtoto wa juzi. Alisema Talha ni rafiki yake, na wenye ndege wote wa mji huu wanajuana kwa majina. Alisema Jenipher atarudi kurusha tiara hapa Goba. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, alikuwa na hakika.

Mwalimu akainama mbele kwenye kiti. "Jenipher, mwanangu," akasema. "Yaishe."

"Baba, uliniambia hivyo hivyo siku ya kioo."

Hakuna aliyeelewa mle ndani ila sisi watatu. Shemeji yangu aliangalia mikono yake, na mimi nilimhurumia, na bado sikuifungua kanga.

Aliyeongea ni Demetria. Alikuwa hajasema neno tangu salamu. Alisema kama anayejisemea mwenyewe, akiangalia kreti ya soda.

"Kaka, hukumwona."

Mzee Kamugisha akamwambia aache, hayo ni mambo ya kitaalamu.

"Hukumwona. Nilimwona mie. Nikakugonga bega, ukaniashiria ninyamaze kwa sababu unaongea na MC. Nikakugonga tena. Ulikuwa unacheka." Akainua uso. "Ndege ilivyoyumba ukaniuliza ni nini. Hukujua kama kuna mtu amepita."

"Demetria, nimesema nyamaza."

"Nyumbani kwako ntanyamaza. Hapa umenileta kwa sababu mie ndo shangazi wa Loveness. Basi huyu naye ni Loveness wa watu. Kama sio yeye kuchomoka, tungewaangukia wageni wetu, mie na kapu langu."

Kwa kina Kamugisha kama ilivyo kwetu, neno la shangazi juu ya sherehe ya mtoto wa kaka yake halifutwi na kaka mbele za watu. Mzee Kamugisha alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alimleta. Alidhani atakuja kumlilia Jenipher.

Mwalimu Leodegar akasimama. Nilidhani anakwenda jikoni kutafuta opena mwenyewe, nikaishika kanga yangu. Hakwenda. Aliinama, akashika mshikio mmoja wa kreti, akamwambia Gervas, "Mwenyekiti, nisaidie upande huo." Gervas alimwangalia, akamwangalia Mzee Kamugisha, kisha akavua koti lake la Jumapili na kulitundika kwenye kiti. Wakainua. Wazee wawili wakaitoa kreti ile mlangoni, chupa zinagongana, wakashuka nayo ngazi mpaka kwenye buti ya gari. Majirani walikuwa barazani kwao wanatazama, na kila mmoja alielewa maana ya kreti inayorudi na vizibo vyake.

Walipoondoka, Mwalimu alirudi akakaa. Akaniuliza opena iko wapi. Nikafungua pindo la kanga, nikaiweka mezani mbele yake. Aliitazama, akanitazama mimi.

"Irudishe kwenye msumari," akasema.

Jumatatu asubuhi Jenipher alivaa shati lake jeupe la kazi, nililipiga pasi mimi, na baba yake akamsindikiza hadi mlangoni mwa ofisi za mamlaka, akamsubiri nje kwenye benchi. Alieleza yote. Demetria naye alikwenda kwa wakati wake, bila kuitwa na mtu.

Sitasema kwamba mambo yakawa mazuri. Talha alimpumzisha, na kupumzishwa huko hakukuwa na mwisho. Wenye ndege wengine walimwambia watampigia. Pale kanisani kina mama wengine wakahamishia nguo zao kwa fundi wa Tegeta, na kuna waliosema sisi ni watu wa roho mbaya, tumemharibia mzee wiki ya harusi. Loveness aliolewa, akapendeza, hakuna ndege iliyopita. Jenipher alikaa nyumbani akinisaidia kushona, na nikiri tu, hana mkono wa cherehani. Mapindo aliyonishonea nilikuwa nafumua yote akishaenda kulala. Jioni alikuwa anatoka uani, ikipita ndege anaitambua kwa mlio, anataja aina yake, anarudi ndani. Niliumia sana kumwona hivyo. Nilimwuliza mara moja tu kama anajuta. Akaniambia nimpe mkasi.

Uchunguzi ulipoisha ilionekana wazi nani alikuwa kwenye njia yake na nani hakuwa. Mzee Kamugisha alizuiwa kurusha kwa muda, na bado anasema ni fitina. Mshereheshaji yule, nasikia, siku hizi anazima simu yake kabla hajashika kipaza sauti. Demetria alikuja kwangu na kitambaa akaniagiza gauni, akakaa kutwa nzima barazani, na wateja walipomwona hapo nao wakaanza kurudi. Sikuwapunguzia bei.

Kazi haikuja kupitia kwa mtu tunayemjua. Mama mmoja mwenye mashamba ya parachichi Njombe alinunua ndege ndogo ya kwake na alikuwa anatafuta rubani. Alikuwa ameonywa kwamba kuna msichana mmoja Goba msumbufu sana, aliishitaki hadi sherehe ya watu. Akaomba namba ya huyo msumbufu.

Siku ya safari yake ya kwanza Jenipher aliondoka nyumbani alfajiri na hakutuambia atapita wapi. Lakini baba yake alikuwa amekwisha kukisia. Nilimkuta uani ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, amevaa shati la kanisani, uso ameuelekeza juu. Mtaa nao ulikuwa nje, kina mama na ndoo zao, mafundi wa ile nyumba ya ghorofa wameacha zege. Nikasikia mlio kutoka upande wa Madale.

Ikaja. Ndege mpya, nyeupe, mstari wa njano. Ilipita juu kabisa ya mabati yetu, imenyooka, kwenye kimo chake. Watoto walipunga mikono na kuita jina lake. Haikuinama upande huu, haikuinama upande ule. Ilikwenda zake kama haijui kuna nyumba chini.

Macho ya Mwalimu hayaoni mbali siku hizi. "Shemeji," akaniuliza, "kapunga?"

"Hajapunga."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akashusha pumzi, akaegemea kiti. Nikasimama katikati ya uani, nikapiga kigelegele kwa nguvu zangu zote mpaka majirani wakageuka kuniuliza nashangilia nini.